Kikapu cha Machungwa

Ukifika Malindi na kuifuata njia ya pwani, utaona juu ya mwamba nguzo nyeupe yenye msalaba wa mawe kileleni, imeelekea baharini. Ni nguzo ya Vasco da Gama. Wageni huja, hupigwa picha chini yake, huenda zao. Mimi siwezi kuitazama nguzo ile bila ya kukumbuka kikapu cha ukindu kilichojaa machungwa. Sababu ya kumbukumbu hiyo ndiyo habari nitakayo kumweleza msomaji wangu, ijapokuwa katika habari yenyewe mimi si mtu wa kusifiwa.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye umri wa miaka 17. Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, katikati ya mikorosho na michungwa ya watu. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne. Kwa hiyo alikuwa na heshima kubwa kwa kila neno lililotoka kitabuni, na kwa bahati mbaya alikuwa na heshima iyo hiyo kwa kila neno lililotoka kinywani mwangu. Baba alipokuwa hayupo, kauli yangu ilikuwa na uzito nyumbani kuliko umri wangu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 9. Alikuwa mtoto wa makelele, mwepesi wa kupanda miti na mzito wa kwenda chuoni. Mwezi wa Mei, katika mvua za masika, makelele yale yalipungua. Hakuugua kwa ghafla. Alianza kwa kununa, akaacha mpira, akawa analalamikia kichwa. Jioni mwili wake ulikuwa na joto dogo, asubuhi alitapika. Mama alimpeleka zahanati, akapewa dawa ya malaria na agizo la kurudi baada ya siku tatu kama hakupata nafuu. Simlaumu mtu aliyetupa dawa ile. Homa ya mtoto wa pwani wakati wa masika aghalabu huwa malaria, na agizo lake la kurudi lilikuwa agizo la mtu mwenye busara. Sisi ndio hatukurudi, na hatukurudi kwa sababu yangu.

Ilitokea kwamba wiki chache kabla ya hapo mwalimu wetu alikuwa ametufundisha habari za kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia wa zamani ambao ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea na vidonda vilivyopona hufunguka tena. Mwalimu yule alikuwa hodari wa kusimulia. Alitueleza juu ya James Lind, tabibu wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ambaye mwaka 1747 aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye katika jahazi la kivita liitwalo Salisbury, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao. Baadhi yao walipewa siki, wengine maji ya bahari, na wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Machungwa yalikwisha kwa siku sita, lakini siku sita zilitosha, kwani mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini. Kisha mwalimu akatuletea habari mlangoni petu. Alisema kuwa Mwarabu na Mswahili wa Malindi walikuwa na machungwa kabla ya Mreno kufika, na kwamba Vasco da Gama aliporudi kutoka Uhindi mwezi wa Januari mwaka 1499, watu wake wakiwa wamedhoofika na 30 wamekwisha kufa njiani, jambo la kwanza walilolitamani wagonjwa wake lilikuwa machungwa ya Malindi.

Nilitoka darasani siku ile nimejaa fahari, kama kwamba babu yangu ndiye aliyeuza machungwa hayo. Nilikwenda maktaba, nikasoma kwamba dawa iliyomo ndani ya chungwa huitwa vitamini C, kwamba Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipata tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi aliyoifanya juu yake, na kwamba karibu wanyama wote hujitengenezea vitamini hiyo miilini mwao, isipokuwa wachache sana kama binadamu, nyani wakubwa na baadhi ya popo. Mbuzi wetu, ambaye mama alimfukuza kila siku katika mpunga, alikuwa na ufundi huo, na mimi niliyemcheka sikuwa nao. Katika kitabu kingine nilipata mstari mmoja uliosema kuwa ubongo ni miongoni mwa viungo vyenye vitamini C nyingi kuliko vyote. Mstari ule ni wa kweli hata leo. Lakini nilikuwa na mstari mmoja tu, na kwa mstari huo nilijifanya tabibu.

Siku ya tatu ilipotimia, mama alijifunga leso tayari kwenda zahanati. Nikamwambia, "Mama, mtoto anaumwa na kichwa, na ubongo unataka vitamini C. Mpe machungwa. Mabaharia walipona kwa siku sita."

Mama aliniuliza, "Hakika, mwanangu?"

Nikamjibu, "Hakika."

Akafungua leso, akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Basi tukaanza kumkamulia mdogo wangu machungwa. Mengine aliyatapika, mengine yalikaa. Siku ya sita aliamka, akaketi kitandani, akaomba uji. Jambo hili lilinipotosha zaidi kuliko ujinga wangu wote. Nimejifunza baadaye kwamba ugonjwa ule una desturi ya kupanda na kushuka, na kwamba mchana mmoja wa nafuu si dalili ya kupona. Lakini siku ile nilizunguka nyumba kama jogoo. Bibi mmoja jirani, ambaye alikuja na chungu cha mafusho na ambaye sikupata kumwona ameshika kitabu, aliuweka mkono wake chini ya kisogo cha mtoto, akajaribu kukiinua kichwa. Kichwa kiliinuka pamoja na mabega, kama ubao. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hii si shingo ya homa. Mpelekeni mtoto kwa watu." Nilimwitikia kwa adabu ya mdomo, na moyoni nikamcheka. Niliongeza siku tatu juu ya sita za James Lind.

Usiku wa siku ya tisa jicho la kulia la mdogo wangu liligeuka ndani likawa na makengeza. Alfajiri alishikwa na degedege, na lilipomwachia, mkono wake wa kulia haukuitika tena. Tulimpakia katika gari la muuza samaki tukampeleka hospitali ya wilaya. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya kukesha. Alimpima, akauliza, "Ameanza kuugua tangu lini?" Mama alihesabu majuma kwa vidole. Daktari akauliza tena, "Na siku hizi tisa za mwisho alikuwa akipewa nini?" Mama hakujibu. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja kusaidiwa neno, na mimi sikuwa nalo.

Daktari alitaka kumchoma sindano ya mgongo ili ayapate maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Msomaji wangu labda amesikia, kama tulivyosikia sisi, kwamba sindano ile huua. Haiui. Wanaoichomwa huwa wagonjwa mahututi, na baadhi yao hufa kwa ugonjwa uliowaleta, kisha sindano husingiziwa. Tabibu Heinrich Quincke wa Ujerumani alianza kuitumia mwaka 1891, na mpaka leo hapana njia iliyo bora ya kuyajua yaliyomo ndani ya maji hayo. Mama alikubali kwa kutikisa kichwa. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kidogo, si angavu kama maji ya kisima. Baadaye daktari alinionyesha kichupa kilichosimamishwa mezani: ndani yake ulikuwa umejifanya utando mwembamba kama wa buibui. Sukari katika maji yale ilikuwa imepungua, protini imezidi. Akasema, "Ni kifua kikuu, lakini hakiko kifuani. Kimeingia katika utando wa ubongo."

Nilistaajabu, kwa sababu mtoto hakupata kukohoa hata mara moja. Aliyekohoa alikuwa mjomba wetu, ambaye alilala naye chumba kimoja tangu mwaka uliotangulia na ambaye sote tulisema kikohozi chake ni cha tumbaku. Bakteria wa kifua kikuu, wale ambao Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, husafiri hewani kutoka katika kifua cha mtu mmoja kwenda katika kifua cha mwingine, na katika mtoto mara chache huingia katika damu wakapanda mpaka kichwani. Mdogo wangu alikuwa na kovu la chanjo katika mkono wake wa kushoto, kama walio nalo watoto wengi wa Kenya. Chanjo ile hupunguza sana hatari ya ugonjwa huu kwa watoto wadogo, lakini haiufungi mlango kabisa.

Siku hiyo hiyo alianzishiwa dawa. Zilikuwa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi kumi, jumla mwaka mzima, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe. Hatukulipia dawa za kifua kikuu hata senti moja. Daktari hakutuficha jambo. Mtoto asiyetibiwa ugonjwa huu hufa, karibu pasipo na nafasi ya kuponea. Miongoni mwa watoto wanaotibiwa, mmoja hivi katika kila watano hufa, na katika wanaookoka zaidi ya nusu hubaki na kilema cha namna fulani. Kinachopambanua sana baina ya huyu na yule ni hali ya mgonjwa siku alipomeza dawa ya kwanza. Aliyeanza akiwa na kichwa kinachouma na akili timamu ana tumaini kubwa. Aliyeanza akiwa amepooza na fahamu zimepotea ana tumaini dogo. Mdogo wangu, siku tisa kabla, alikuwa wa kundi la kwanza.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine wataliona ukaidi. Hata baada ya kuyasikia hayo sikuacha kuleta machungwa. Kila siku baada ya masomo nilikuja wodini na kikapu. Nafikiri nilitaka kuthibitisha kwamba sikukosa kabisa. Siku ya tatu nilimsaidia mdogo wangu kukojoa katika chupa, na mkojo ulitoka na rangi ya chungwa, ya kukoza, kama maji ya chungwa yenyewe. Furaha iliyonishika haielezeki. Nilimkimbilia muuguzi nikiwa nimeinua chupa juu, nikasema, "Sista, tazama! Vitamini imemwenea mwili mzima!"

Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Alinitazama, akatazama chupa, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho akanieleza kwamba rangi ile ni ya rifampisini, mojawapo ya zile dawa nne, ambayo hugeuza mkojo, jasho na hata machozi. Dawa hiyo asili yake ni kiumbe kidogo kilichopatikana katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa mwaka 1957. Haina uhusiano wowote na michungwa. Akaongeza kwa upole, "Lakini vitamini imo, mwanangu." Akanionyesha kidonge kidogo katika kikombe cha dawa. Ilikuwa vitamini B6, ambayo hupewa mgonjwa ili dawa nyingine, isoniazidi, isimwumize mishipa ya fahamu. Miongoni mwa vitamini zote, ile niliyoihubiri haikuwamo katika kikombe, na ile ambayo sikupata kuifikiri ndiyo iliyokuwamo.

Aibu ile ilinifanya nisome. Nimesoma tangu siku hiyo mpaka leo, na leo nafundisha biolojia, nami nataka kumweleza msomaji sehemu ya niliyoyapata, kwa sababu mstari wangu mmoja wa maktaba ulikuwa na ndugu zake wengi ambao sikuwajua.

Mama zetu wanapokata biringanya huzitia katika maji yenye ndimu. Zikiachwa hewani vipande hugeuka rangi na kuwa vyeusi, kwa sababu oksijeni ya hewa huingia na kuvichoma polepole, kazi moja na ile ya kutu katika jembe. Ndimu huzuia, kwa ukali wake na kwa vitamini C iliyomo. Mambo ya namna hii hutokea ndani yetu pia. Oksijeni tunayoivuta hutupa uhai, lakini katika kazi yake huzaa chembe kali zilizopungukiwa na elektroni, nazo kwa njaa yao hunyang'anya elektroni kutoka kwa kitu chochote kilicho karibu, mafuta, protini au hata chembe za urithi. Wataalamu huita jambo hili uoksidishaji. Mwili wenye afya una walinzi wa kutosha, na vitamini C ni mmoja wao: huzipa chembe zile elektroni yake mwenyewe, zikashiba, zikatulia.

Hapana mahali panapohitaji ulinzi huo kuliko kichwani. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu mzima, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yake, na umejengwa kwa mafuta ya namna ambayo huungua upesi. Kwa hiyo mwili huupendelea. Katika maji yale yanayouzunguka, vitamini C imo mara tatu au nne zaidi kuliko ilivyo katika maji ya damu, imepandishwa huko kwa makusudi na vipitishio maalumu. Na mtu anapopungukiwa na vitamini hiyo, ubongo ndio unaoshikilia akiba yake mpaka mwisho, kama mzee wa nyumba anayeficha mbegu wakati wa njaa.

Bakteria wa kifua kikuu wanapofika hapo, seli nyeupe za damu huwavamia, na silaha yao kubwa ni zile zile chembe kali za oksijeni. Ni kama kumfukuza nyoka kwa moto ndani ya nyumba ya makuti. Uvimbe huziba njia za maji ya ubongo, mishipa ya damu iliyo chini ya ubongo huvimba na kuziba, na sehemu iliyokosa damu hufa. Ndivyo ulivyokufa mkono wa mdogo wangu, ingawa mkono wenyewe haukuguswa na kitu. Ndiyo maana dawa ya kutuliza uvimbe ina kazi kubwa. Katika jaribio lililofanywa Vietnam na kutangazwa mwaka 2004, kwa wagonjwa 545, katika kila mia waliokosa dawa hiyo walikufa 41, na katika kila mia walioipata walikufa 32. Na mjini Lucknow, nchini India, madaktari waliwapima wagonjwa wa ugonjwa huu wakakuta mabaki ya mafuta yaliyoharibiwa na oksijeni yamezidi, na akiba ya walinzi imepungua.

Utaona basi kwamba sikuwa mbali sana na ukweli, na hapo ndipo nilipoumia zaidi nilipoyasoma. Ubongo wa mdogo wangu kweli ulikuwa ukiungua, na vitamini C kweli ni miongoni mwa vinavyouzima moto wa namna hiyo. Lakini moto ule ulikuwa na mtu anayeuwasha kila saa, naye ni bakteria. Baharia wa Lind alikuwa amekosa kitu kimoja tu, akapewa, akapona. Mdogo wangu hakuwa amekosa chungwa. Kama ningalimnywesha bahari nzima ya maji ya machungwa, utumbo ungalichukua kiasi chake na kilichozidi kingalitoka katika mkojo, bila ya rangi yoyote ya kunifurahisha.

Kuna jambo jingine la ajabu ambalo huwasimulia wanafunzi wangu, nalo huwachanganya. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo cha tiba cha Albert Einstein, New York, walitangaza kuwa vitamini C ikitiwa kwa wingi katika vichupa vyenye bakteria wa kifua kikuu, huwaua. Na haiwaui kwa kuzuia uoksidishaji. Huwaua kwa kuuzidisha. Pamoja na madini ya chuma yaliyomo ndani ya bakteria, mlinzi yule yule hugeuka mchomaji. Mwanafunzi mmoja aliposikia hayo aliruka akasema, "Mwalimu, basi ulikuwa umesema kweli!" Nikamwambia kichupa hakina ini, hakina figo, hakina utumbo unaochagua, wala hakina mama anayengoja mlangoni. Hakuna jaribio lililothibitisha kwamba vitamini C, kwa kinywa au kwa sindano, humponya mgonjwa wa kifua kikuu cha ubongo. Dawa zinazomponya ni zile nne, zikianza mapema na zikimezwa mpaka siku ya mwisho.

Chakula hakikosi daraja yake, lakini kwa njia nyingine. Katika jimbo la Jharkhand, India, jamaa wa wagonjwa wa kifua kikuu walipewa vikapu vya chakula kila mwezi, mchele, dengu na vitamini, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa walioambukizwa na kuugua miongoni mwao walipungua kwa kadiri ya 39 katika mia, wakilinganishwa na jamaa wasiopewa. Kikapu kile kiliwafikia watu kabla ya ugonjwa. Changu kilikuja baadaye, na kilikuja mahali pa dawa.

Nilisoma pia habari za safari ya Vasco da Gama kama zilivyoandikwa na mmoja wa watu waliokuwa pamoja naye. Nikakuta kwamba mwalimu wetu alitusimulia nusu. Ni kweli kuwa wagonjwa waliyatamani machungwa ya Malindi, na ni kweli kuwa waliletewa siku ya pili yake pamoja na matunda mengine. Lakini mwandishi yule anaendelea kusema kuwa matunda hayakuwafaa sana, na kwamba wengi walikufa pale pale Malindi. Yeye alilaumu hali ya hewa yetu. Mimi nadhani walikuwa wamechelewa mno.

Mdogo wangu hakufa. Alikaa wodini wiki saba, akarudi nyumbani, akameza dawa mwaka mzima bila ya kukosa siku, nami ndiye niliyezihesabu. Jicho lilinyooka. Akili ilirudi, na makelele kiasi. Wahudumu wa afya walikuja nyumbani wakatupima sote, wakamkuta mjomba na ugonjwa mapafuni, naye akatibiwa akapona. Mkono wa kulia haukurudi isipokuwa kwa sehemu ndogo; vidole hujikunja, havikunjuki kwa hiari. Alijifunza kuandika kwa kushoto, na leo ni karani wa duka moja mjini, mwenye hati nzuri kuliko yangu.

Katika miaka yote hiyo hakujua habari ya siku tisa. Alikuwa mtoto, na homa ilikuwa imemfutia kumbukumbu. Mama hakumwambia, wala hakunitajia mimi, hata mara moja, hata siku tulizokosana. Sikukuu ya Idi ya mwaka uliopita nilikwenda nyumbani, nikamkuta ameketi barazani na sinia ya machungwa. Sijui kilichonisukuma. Nilimweleza yote, tangu darasa la kiseyeye mpaka chupa ya mkojo. Kwenye chupa alicheka. Kisha alinyamaza kwa muda mrefu akiutazama mkono wake, nami nilitamani anitukane.

Akauliza, "Yalikuwa mangapi?"

"Nini?"

"Hayo machungwa."

Nikamjibu kuwa sijui, sikupata kuyahesabu.

Sauti ya mama ikatoka ndani, jikoni, ambako nilidhani hatusikii. "Sitini na matatu," alisema. "Saba kila siku. Niliyachukua kwa mkopo kwa yule mama wa sokoni, na deni lake nililimaliza nilipouza korosho mwezi wa Desemba."

Mdogo wangu alichukua chungwa jingine, akalibana katikati ya magoti yake, akaanza kulimenya kwa mkono wa kushoto.